Je, Wajua? Mchezo wa Watoto Uliwahi Kupigwa Marufuku na Serikali

Je, wajua kwamba kuna ufalme uliofunga shule za chekechea kwa kuogopa mapinduzi?

Tarehe 7 Agosti 1851, Karl Otto von Raumer, waziri wa elimu wa Prussia, aliamuru shule zote za chekechea katika ufalme huo zifungwe. Watoto waliokuwa wakiimba kwenye duara, wakikunja karatasi na kupanga vipande vya mbao wakatakiwa wabaki makwao. Shtaka lilikuwa zito kuliko umri wa washtakiwa: ilidaiwa kwamba shule hizo ni sehemu ya mpango wa kisoshalisti wa kuwalea watoto wa nchi wakue bila kumjua Mungu.

Mwanzilishi wa shule hizo, Friedrich Fröbel, alikuwa mzee wa miaka 69, mtoto wa mchungaji wa Kilutheri, mtu ambaye ni shida kusoma kurasa zake chache mfululizo bila kukutana na Mungu. Ikabainika kwamba wizara ilimchanganya na Karl Fröbel, mtoto wa kaka yake, aliyekuwa amechapisha kijitabu kuhusu vyuo vya wasichana na chekechea. Kosa hilo likaelezwa, wizara ikasikia, amri ikabaki palepale. Fröbel alifariki tarehe 21 Juni 1852, shule zake zikiwa zimefungwa. Marufuku iliondolewa mwaka 1860.

Mimi siamini kwamba lilikuwa kosa la majina tu. Miaka mitatu kabla ya amri hiyo, miji ya Ujerumani ilikuwa imewaka mapinduzi ya 1848, na waliozipenda chekechea walikuwa ni walewale waliotaka katiba, uhuru wa dini na wanawake wasomi. Fröbel mwenyewe aliwafundisha wasichana kazi ya ualimu na kuwapa ajira nje ya jikoni. Waziri alikosea mtu, lakini harufu aliyoinusa ilikuwepo.

Na hapo ndipo penye utamu wa habari hii. Tumezoea kuambiwa kwamba wasomi wa zamani walidharau mchezo wa watoto hadi wataalamu wa leo walipokuja kutufungua macho. Kumbe wakubwa wa falsafa ya elimu karibu wote waliuona mchezo kuwa jambo zito, hata la hatari. Walichogombania ni nani aushike usukani wake.

Je, wajua kwamba chekechea ilianzia kwenye kabati la mawe?

Fröbel alizaliwa mwaka 1782 katika kijiji cha Oberweißbach, kwenye milima yenye misitu ya Thuringia. Mama yake alikufa kabla mtoto hajatimiza mwaka, baba alikuwa na shughuli nyingi za usharika, na kijana akakua akizungumza zaidi na miti kuliko na watu. Alijifunza kazi ya bwana misitu, akaacha. Akafundisha shule Frankfurt, kisha kuanzia 1808 akakaa miaka miwili Uswisi kwa Johann Heinrich Pestalozzi, mwalimu aliyesisitiza kwamba mtoto ajifunze kwa kushika na kutazama, asikaririshwe maneno. Baadaye akaenda Berlin, na baada ya kupigana vita dhidi ya Napoleon akapata kazi katika jumba la makumbusho ya madini, chini ya Christian Samuel Weiss, bingwa wa elimu ya fuwele.

Kazi yake ilikuwa kupanga mawe. Siku nzima alishika fuwele mkononi akishangaa jinsi kitu kisicho na uhai kinavyokua kwa kanuni, pembe kwa pembe, uso kwa uso. Akajenga imani kwamba kanuni ileile inayokuza fuwele inakuza mti, na inamkuza mtoto. Mwaka 1816 aliliacha kabati la mawe akafungua shule ndogo, wanafunzi wake wa kwanza wakiwa watoto wa ndugu zake. Chekechea yenyewe ilikuja miaka mingi baadaye, uzeeni, katika mji mdogo wa Blankenburg: kituo cha michezo mwaka 1837, kikapewa jina la Kindergarten, yaani bustani ya watoto, mwaka 1840.

Kwa ajili ya kituo hicho alibuni vifaa alivyoviita zawadi, kila kimoja na namba yake. Zawadi ya kwanza ni mipira sita laini ya sufu yenye rangi mbalimbali, kwa mtoto mchanga. Ya pili ni maumbo matatu ya mbao: tufe, mchemraba na mcheduara. Ya tatu ni mchemraba uliogawanywa vipande vinane vilivyo sawa. Ya nne ni mchemraba wa ukubwa uleule lakini vipande vyake vinane vina umbo la tofali. Kuanzia hapo vipande vinaongezeka, vingine vimekatwa mshazari, mpaka mtoto anagusa hesabu ya sehemu bila kujua kwamba anasoma hesabu.

Msomaji asidhani kwamba ilikuwa ni kumwachia mtoto avuruge apendavyo. Boksi hupinduliwa chini juu mezani, kifuniko huvutwa, boksi huinuliwa taratibu ili mtoto auone mchemraba mzima kabla hajaanza kuutenganisha. Vipande vyote lazima vitumike katika kila umbo linalojengwa. Umbo la zamani halibomolewi kwa kishindo. Hugeuzwa hatua kwa hatua kuwa jipya, kiti kikawa meza, meza ikawa ngazi. Mwisho wa kipindi vyote hurudi kuwa mchemraba na kuingia kwenye boksi. Yule aliyewaambia watu wazima wa Ulaya kwamba mchezo ndiyo kazi ya juu kabisa ya utoto ndiye pia aliyeuwekea mchezo namba, mpangilio na kifuniko.

Hata hivyo mwenyewe alicheza. Mwaka 1849, katika mji wa Bad Liebenstein, mwanamke wa ukoo wa kikabaila, Bertha von Marenholtz-Bülow, aliambiwa na wenyeji kwamba kuna mzee mpumbavu anayerukaruka na watoto wa kijijini. Akaenda kumwona mpumbavu huyo. Alitumia sehemu kubwa ya maisha yake yaliyobaki akiitangaza kazi ya mzee huyo Ulaya nzima. Kaburini kwa Fröbel, huko Schweina, hakuna malaika wala msalaba mkubwa: mnara wake ni mchemraba, juu yake mcheduara, juu kabisa tufe. Zawadi ya pili.

Je, wajua kwamba vipande hivyo vya mbao vilizaa majengo?

Marufuku ya Prussia haikuizuia mbegu kusafiri. Wajerumani waliokimbia baada ya mapinduzi kushindwa waliibeba, na mwaka 1856 Margarethe Schurz alifungua chekechea ya Kijerumani nyumbani kwake Watertown, Wisconsin. Kwenye maonyesho makubwa ya Philadelphia ya mwaka 1876, Anna Lloyd Wright aliona zawadi za Fröbel, akamnunulia mwanawe. Mtoto huyo, Frank Lloyd Wright, akawa msanifu majengo maarufu kuliko wote Marekani, na hata uzeeni alisema vidole vyake bado vinavikumbuka vile vipande vya mti wa mepo.

Buckminster Fuller naye alisimulia kwamba mwaka 1899, akiwa chekechea na macho mabovu, mwalimu aliwapa watoto vijiti na njegere wajenge nyumba. Wenzake waliokuwa wakiona vizuri wakajenga masanduku kama nyumba walizozijua. Yeye, aliyekuwa akipapasa, alitafuta umbo lisiloyumba mkononi, akafika kwenye pembetatu. Baadaye alijulikana dunia nzima kwa makuba yaliyojengwa kwa pembetatu.

Je, wajua kwamba Plato alitaka michezo ya watoto isibadilishwe kabisa?

Katika kitabu chake cha uzeeni kiitwacho Sheria, Plato anasema mtoto wa miaka mitatu hadi sita anahitaji mchezo, na kwamba watoto wa rika hilo wakikutana tu huvumbua michezo yao wenyewe. Anashauri wakusanywe kwenye mahekalu ya vijiji, yaya wakiwaangalia. Anasema atakayekuwa mjenzi acheze kujenga vinyumba, na apewe vifaa vidogo vilivyo mfano wa vile vya kazi halisi. Anawasifu Wamisri kwa kuwafundisha watoto hesabu kwa kugawana matunda na mashada ya maua. Mpaka hapo angeweza kualikwa kwenye semina ya walimu wa awali Dodoma na kila mtu akatikisa kichwa kukubali.

Halafu anageuka. Michezo ikishapangwa, anasema, isiguswe. Mtoto anayezoea kugeuza sheria za mchezo atakua mtu wa namna tofauti na baba yake, atatamani maisha tofauti, kisha atadai sheria tofauti za nchi. Watu wanaona ni utoto tu, wanaacha. Kumbe dola inaanza kubomoka uwanjani.

Zaidi ya miaka 2,000 baadaye, Jean Piaget aliwaendea watoto wa Geneva na Neuchâtel akiwa na gololi mfukoni, akawaomba wamfundishe kucheza. Alitaka kujua wanadhani sheria za mchezo zimetoka wapi. Wadogo walimwambia zimetoka kwa wazee, kwa serikali, kwa Mungu, hazibadiliki. Wakubwa, wa miaka kumi na kuendelea, walisema sheria ni makubaliano: tukikubaliana wote, tunabadilisha. Katika kitabu chake cha mwaka 1932 Piaget aliona hapo chimbuko la maadili ya mtu mzima, yaani kufuata sheria kwa sababu umeielewa na kuiridhia. Plato angeuona ushahidi uleule na kuita askari.

Je, wajua kwamba Aristotle aliandika kuhusu kayamba la mtoto?

Archytas wa Tarentum alikuwa mwanahesabu na jemadari. Aristotle anamtaja kwa heshima kwa kitu kingine: kayamba. Anasema ni uvumbuzi mzuri, watoto wapewe, kwa kuwa mtoto hawezi kutulia na asipokuwa na kayamba atavunja vyombo vya ndani. Hii ndiyo falsafa ya elimu ambayo kila mama anaisaini bila kusoma ukurasa wa pili.

Je, wajua kwamba Imam Ghazali alitetea mchezo karne sita kabla ya wanafalsafa wa Uingereza?

Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki Tus mwaka 1111, aliandika Ihya Ulum al-Din, kitabu ambacho masheikh wa Lamu, Mombasa na Unguja wamekisomesha kwa vizazi. Ndani yake kuna sehemu ya malezi ya watoto, na sehemu hiyo ni kali: mtoto azoezwe adabu ya kula, asivae vya anasa, asikae na wenzake wa tabia mbaya, asiapeape, asimtangulie mkubwa wake kusema. Katikati ya ukali huo kuna ruhusa ambayo kwa sauti yake iko karibu na amri. Mtoto akitoka chuoni aachwe acheze mchezo mzuri apumzike uchovu wa masomo. Kumzuia kucheza na kumkalisha kwenye masomo bila kikomo, anasema, kunaua moyo wake, kunazima akili yake na kuyatia maisha yake uchungu, mpaka aanze kutafuta hila za kuyakimbia masomo yenyewe.

Tazama kile kipengele cha mwisho. Ghazali hamwonei huruma mtoto tu. Anamwonya mwalimu kwamba ukali wake utamzalia mwongo. Aliyesoma chuo cha zamani Pwani, bakora ikining'inia ukutani, anajua hila hizo zilikuwaje: tumbo linalouma kila asubuhi, ndara iliyopotea, mzigo wa bibi unaotakiwa kupelekwa upesi.

Kwa Ghazali mchezo ni pumziko baina ya somo na somo. John Locke, daktari na mwanafalsafa wa Kiingereza, mwaka 1693 alitaka mchezo uwe chambo: herufi zibandikwe kwenye dadu, mtoto azirushe akidhani anacheza, kumbe anasoma. Lakini Locke huyohuyo alipinga kumnunulia mtoto vitu vya kuchezea. Alisema wingi wake unamfundisha kiburi, uharibifu na kutaka zaidi, na kwamba kokoto, kipande cha karatasi au rundo la funguo vinamtosha, vingine ajitengenezee. Watoto wa kwetu waliounda magari ya waya na mipira ya makaratasi walikuwa wanafunzi wake wazuri, ingawa uhaba wa fedha ulikuwa mwalimu wa karibu zaidi.

Je, wajua kwamba Maria Montessori hakupenda sana neno mchezo?

Tarehe 6 Januari 1907 daktari huyu Mtaliano alifungua Nyumba ya Watoto katika mtaa wa San Lorenzo, Roma, mtaa wa mafukara. Aliweka vifaa alivyovibuni mwenyewe, na pia vitu vya kuchezea vya fahari, wanasesere wakiwamo. Alisimulia kwamba watoto waliwapuuza wanasesere. Walikwenda kwenye vifaa: micheduara ya kupachika matunduni, minara ya kupanga, fremu za kufunga vifungo. Walirudia kazi ileile mara kadhaa wakiwa wamezama, kisha wakainuka wakiwa na furaha.

Akahitimisha kwamba mtoto anacheza ovyo anapokosa kitu chenye maana cha kufanya. Shughuli ya mtoto aliiita kazi. Hadithi za majini na wanyama wanaosema hakuzitaka kwa watoto wadogo. Wafuasi wa njia nyingine hawakumwacha: mwaka 1914 William Heard Kilpatrick wa Marekani aliandika kitabu kizima kumkosoa, mojawapo ya lawama ikiwa kwamba vifaa vyake vinambana mtoto na kumnyima mchezo wa kubuni.

Mimi namwelewa Montessori. Watoto wa San Lorenzo hawakuwa na uhaba wa muda wa kuzurura. Walikosa vitu vizuri na mtu wa kuwaheshimu. Ila ni vigumu kumtazama mtoto wa miaka minne aliyefunga kanga kiunoni, akapanga mawe matatu na kopo, akapika ugali wa mchanga na kumkaripia mume wake wa miaka mitano kwa kuchelewa, kisha useme hana kitu chenye maana cha kufanya.

Je, wajua kwamba mtoto ana nidhamu zaidi akicheza kuliko akiamrishwa?

Hoja hii ni ya Lev Vygotsky, Mrusi aliyekufa kwa kifua kikuu mwaka 1934 akiwa na miaka 37. Mhadhara wake kuhusu mchezo aliutoa Leningrad mwaka 1933. Haukuchapishwa mpaka 1966. Anatoa mfano mwepesi: fimbo ikawa farasi. Mtoto mdogo kabisa anatawaliwa na kile anachokiona. Anayepanda fimbo amefanya jambo kubwa: ametenganisha maana na kitu. Uwezo huohuo ndio utakaomwezesha baadaye kukubali kwamba alama fulani kwenye karatasi ni sauti, na nyingine ni idadi.

Mfano wake mwingine ni wa dada wawili wanaocheza kuwa dada. Katika maisha ya kawaida ni dada bila kufikiri. Wakianza kucheza udada, wanavaa sare, wanashikana mikono, wanaongea kwa upole, mkubwa anamlinda mdogo. Mchezo umewalazimisha waijue sheria ambayo walikuwa wakiishi ndani yake bila kuiona. Ndiyo maana Vygotsky hakukubali kwamba mchezo ni uhuru usio na mipaka. Aliona kwamba hakuna mahali ambapo mtoto anajibana kwa hiari kama mchezoni. Anayecheza mgonjwa hathubutu kuinuka, hata chakula kikipita.

Mwaka 1948 watafiti wawili wa Urusi walichapisha majaribio katika mkondo huo. Manuilenko aliwaomba watoto wasimame bila kutikisika; walipoambiwa wao ni askari wa zamu ndani ya mchezo, walisimama muda mrefu zaidi kuliko walipoamrishwa tu. Istomina aliwatuma watoto kwenye duka la kuigiza wakanunue orodha ya vitu, akaona wanakumbuka zaidi kuliko walipotajiwa maneno yaleyale ili wayakariri.

Hapa mwandishi wa haki hana budi kukohoa kidogo. Jaribio la duka liliporudiwa Marekani, matokeo yaliyochapishwa mwaka 1986 yalikuwa kinyume: watoto walikumbuka zaidi katika somo kuliko mchezoni. Na mwaka 2013 Angeline Lillard wa Chuo Kikuu cha Virginia na wenzake walipitia utafiti wa miongo kadhaa kuhusu mchezo wa kuigiza, wakasema ushahidi kwamba mchezo huo ndio unaosababisha akili kukua ni dhaifu kuliko inavyotangazwa. Lillard ni mtafiti anayejulikana kwa kuunga mkono Montessori, na wapinzani wake hawakuchelewa kulitaja hilo. Kwa hiyo ukiona bango la shule ya awali linaloahidi kwamba sayansi imethibitisha kila kitu, lisome kama unavyosoma mabango mengine.

Je, wajua kwamba watoto wa shule moja ya Cambridge waliruhusiwa kufukua sungura aliyekufa?

Ni Malting House, iliyofunguliwa mwaka 1924 na kuongozwa na Susan Isaacs hadi 1927. Sungura alikufa, watoto wakamzika, kisha wakabishana kama bado yupo au amekwenda mbinguni. Wakachimba kutazama. Isaacs hakuwazuia, aliandika. Madaftari yake ya waliyoyasema na kuyafanya watoto hao yalizaa vitabu vilivyosomwa na walimu wa Uingereza kwa miongo mingi. Ni vigumu kumpata bibi yeyote kati ya Tanga na Kisumu ambaye angemkubalia jambo hilo.

Je, wajua kwamba kifaru cha vita kiliwahi kuuzwa ili ijengwe chekechea?

Vita Kuu ya Pili ilipomalizika mwaka 1945, wanakijiji wa Villa Cella, karibu na Reggio Emilia huko Italia, waliuza kifaru, malori machache na farasi vilivyoachwa na Wajerumani waliokuwa wakikimbia. Kwa fedha hizo wakaanza kujenga shule ya watoto wao kwa mikono yao. Mwalimu kijana, Loris Malaguzzi, alisikia habari hizo, akapanda baiskeli kwenda kuona kama ni kweli. Alikaa na kazi hiyo maisha yake yote, na leo walimu wanasafiri kutoka kila bara kwenda kutazama chekechea za mji huo, ambako watoto huchora, hufinyanga na kuchunguza jambo moja kwa wiki kadhaa.

Miaka miwili kabla ya kifaru hicho kuuzwa, Denmark ikiwa bado chini ya jeshi la Ujerumani, uwanja wa ajabu ulifunguliwa Emdrup, Copenhagen. Msanifu bustani C. Th. Sørensen alikuwa amegundua kwamba watoto wanaviacha viwanja alivyowapambia wanakwenda kucheza kwenye maeneo ya ujenzi. Basi akawapa mbao chakavu, matofali, misumari na nyundo. Kiongozi wa kwanza wa uwanja, John Bertelsen, alisema wazi kwamba hana nia ya kuwafundisha watoto chochote. Mawazo ya kujenga yatoke kwao, yeye asaidie wakihitaji. Baada ya vita, Lady Allen wa Hurtwood aliutembelea akaupeleka mfano huo Uingereza, ambako viwanja vya aina hiyo vilichipua kwenye magofu ya mabomu. Kwangu mimi Bertelsen ndiye wa kwanza katika safari hii kuuachia usukani kwa moyo mmoja.

Ni wa kwanza Ulaya, nilipaswa kusema. Afrika Mashariki ya vijiji haikuwa na haja ya kuamua. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake Facing Mount Kenya cha mwaka 1938, anaeleza watoto wa Kikuyu wakijenga vibanda vidogo, wakishika mikuki na pinde za kuchezea, wakiigiza shughuli za wakubwa kama mazoezi ya maisha. Wakubwa waliweka maisha yenyewe mbele ya macho ya watoto, wakaenda shambani. Kombolela, rede, mdako na gololi havikuwahi kuwa na mwalimu. Mkubwa alimfundisha mdogo, mdogo akadanganywa mara kadhaa, akaelewa.

Je, wajua kwamba njia moja ya mchezo ilisafiri kutoka Michigan hadi Mombasa?

Mwaka 1962, katika mji wa Ypsilanti, jimbo la Michigan, ulianza mradi wa Perry. Watoto 123 wa familia maskini za Wamarekani Weusi waligawanywa makundi mawili, moja likapewa shule ya awali, jingine halikupewa. Njia iliyokuzwa huko na ambayo baadaye iliitwa High/Scope ina hatua tatu: mtoto anasema anachotaka kufanya, anakifanya, kisha anasimulia alichofanya. Watoto hao walifuatiliwa hadi utu uzima. Walipofika miaka 40, waliosoma shule ya awali walikuwa na kipato kikubwa zaidi na walikuwa wamekamatwa na polisi mara chache zaidi kuliko wenzao.

Katika miaka ya 1980, Waislamu wa Pwani ya Kenya walikuwa na wasiwasi kwamba watoto wao wanaachwa nyuma shuleni, na hawakutaka waupate usomi kwa kuipoteza dini. Kwa msaada wa Aga Khan, Mombasa ikaanzisha mpango wa madrasa za awali, Bi Swafiya Said akiwa mbele. Walichukua ile njia ya kupanga, kutenda na kusimulia, wakaifuma pamoja na mafunzo ya dini, nyimbo na hadithi za Kiswahili. Walimu walikuwa wanawake wa mitaa ileile. Vifaa vilitoka mtaani na ufukweni: vifuu, kombe, mbegu, visoda. Katika miaka ya 1990 mpango ukaenea Unguja na Uganda. Ukiisoma tena ile sehemu ya Ghazali, utaona kwamba walimu hao hawakuwa wakileta jambo geni chuoni.

Pingamizi kubwa halikutoka kwa masheikh wala kwa wizara. Lilitoka, na bado linatoka, kwa wazazi, tena wa dini zote na nchi zote za kwetu: mtoto karudi na daftari tupu, ada ya nini? Kwa hiyo kuna shule za awali ambako mtoto wa miaka minne anaandika a, e, i, o, u ukurasa mzima, kona za mchezo zikiwa zimepangwa vizuri ukutani, safi, hazijaguswa, zikimsubiri mkaguzi.

Je, wajua kwamba mchezo ni haki iliyoandikwa?

Imo katika kifungu cha 31 cha Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa, uliopitishwa tarehe 20 Novemba 1989, na katika kifungu cha 12 cha Mkataba wa Afrika wa mwaka 1990. Mwaka 2013 kamati inayosimamia mkataba wa Umoja wa Mataifa ilifafanua kwamba mchezo unaozungumzwa ni ule unaoanzishwa, unaoendeshwa na unaopangwa na watoto wenyewe, jambo ambalo Fröbel angelitilia saini kwa kusitasita na Plato asingelitilia kabisa. Mwaka 2024 Umoja wa Mataifa ukatenga tarehe 11 Juni kuwa Siku ya Kimataifa ya Mchezo.

Nchi zote wanachama wa Umoja wa Mataifa zimeuridhia mkataba huo wa 1989, isipokuwa moja: Marekani, ileile iliyozipokea chekechea za wakimbizi wa 1848.